Viza ya masomo huanzia ndani ya sanduku la mama

Kila mwaka matokeo ya Examen d'État yakitoka, Goma hugeuka nyeupe. Vijana wanamwagiwa poda kichwani, pikipiki zinapiga honi toka Ndosho mpaka Birere, mama wanaimba mlangoni. Wiki haijaisha, poda bado iko kwenye kola, wanaanza kutufikia shuleni na swali moja: "Mwalimu, huyu mtoto tunataka aende kusoma ng'ambo. Viza inaombwa wapi?"

Swali ni zuri, ila mara nyingi linakuja likiwa limechelewa. Watu wengi wanafikiri viza inaombwa ambasadini, mwezi wa mwisho, kwa kujaza fomu na kulipa. Sisi walimu tunaosaidia watoto kupanga dosie tunaona kitu kingine. Yule mfanyakazi wa ambasadi anapofungua bahasha, anasoma mambo yaliyofanywa miaka mingi kabla: jina lilivyoandikwa siku mtoto alipozaliwa, karatasi iliyotunzwa au iliyopotea, pesa iliyopita wapi na kwa mkono wa nani. Na kwa familia nyingi za hapa kwetu, anayetunza hayo yote ni mama, ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda. Ndiyo sababu tumeona tuandike kwa wamama kuliko kwa vijana wenyewe. Vijana watasoma baadaye, wakitumwa.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo tunaloliona likisumbua hata pale ambapo pesa ipo.

Sisi Wakongomani tuna majina matatu: nom, postnom na prénom. Desturi hiyo ina historia yake. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya kikristo ya kizungu, watu wakachukua jina lingine la kwetu pembeni ya lile la kwanza, ndilo tunaloliita postnom. Mwaka 1990 alipolegeza siasa yake, prénom zikarudi, lakini postnom haikuondoka. Sasa fungua fomu ya Ubelgiji au ya Kanada. Haijui postnom ni nini. Ina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kupewa. Mtoto mmoja anaweka postnom juu, mwingine anaiweka chini, wa tatu anaiacha kabisa kwa kuwa nafasi imekwisha. Barua ya chuo inatoka na majina mawili, pasipoti ina matatu, na diploma ina matatu kwa mpangilio mwingine. Kwako ni mtoto mmoja uliyemzaa. Kwa anayesoma dosie Kinshasa au Brussels, wanaweza kuwa watu wawili.

Kuna na lingine ambalo wageni hawalielewi. Kwetu Kivu jina la kwanza mara nyingi si la ukoo. Kwa Wanande, Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, na Masika ni msichana wa kwanza. Kwa hiyo baba anaweza kuitwa Kambale, kijana wake Paluku na binti yake Masika, na wote wanalala nyumba moja. Mtu aliyezoea familia yenye jina moja mlangoni anauliza: huyu Kambale anayesema atamlipia Masika masomo, ni baba yake kweli? Jina halitamjibu. Atajibiwa na acte de naissance inayotaja baba na mama kwa majina yao kamili, yakiwa yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye kadi zao.

Na sisi shuleni tuna kazi yetu hapo. Darasa la kwanza mtoto anaandikishwa na shangazi au jirani, mwalimu anaandika anavyosikia. Mwamini anakuwa Muamini, herufi moja inaruka, siku ya kuzaliwa inawekwa tarehe 1 Januari kwa kuwa aliyemleta hakuikumbuka. Kosa hilo linatembea naye mpaka mwisho. Kuna milango miwili ya kulisimamisha. Wa kwanza ni mwaka wa sita wa shule ya msingi, kabla ya majina kupelekwa kwa ENAFEP. Wa pili ni mwaka wa mwisho wa sekondari, pale orodha ya wafinalisti inapotayarishwa kwa ajili ya Examen d'État. Jina litakaloingia kwenye orodha hiyo ndilo litakalochapwa kwenye diploma. Mama, uje shuleni siku hizo ukiwa na acte mkononi, uombe kuona orodha, usome herufi moja moja. Mwalimu asikwambie "itakuwa sawa". Kurekebisha jina kabla ya orodha kuondoka ni kazi ya kalamu. Kulirekebisha baada ya diploma kuchapwa ni safari ya Kinshasa.

Tumetaja acte de naissance, tuseme ni nini, kwa maana wengi wanatuletea kitu kingine. Karatasi ya maternité inayosema mtoto kazaliwa saa fulani na kilo fulani si acte. Attestation ya shefu wa kartié si acte. Acte inatolewa na ofisa wa état civil, kwetu ni komine ya Goma au ya Karisimbi kulingana na makao. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimpa mzazi siku 30 za kuandikisha mtoto; ilipofanyiwa marekebisho tarehe 15 Julai 2016, siku zikawa 90. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, lazima hukumu ya tribunali, ile inayoitwa jugement supplétif, kisha ndipo ofisa aandike. Hukumu hiyo ni halali, ambasadi wanaipokea. Lakini ikiwa imetoka wiki mbili kabla ya kuomba viza, kwa kijana wa miaka 19, tegemea maswali. Ikiwa imetoka mtoto akiwa na miaka minane, hakuna atakayeishangaa. Kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo wasio na acte, hata kama habari za Ulaya haziko kichwani mwake leo, ashughulikie jambo hilo sasa.

Tunajua jibu la wengi: "Acte ilikuwepo, ikaungua." Ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikala nyumba, maduka na masanduku ya chini ya kitanda. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena upande wa Buhene. Na kati ya hizo mbili na baada yake, vita: familia zimetoka Rutshuru, Masisi na Sake na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, karatasi zimebaki. Hatuwezi kumlaumu aliyeokoa mtoto akaacha karatasi. Ila leo simu ipo. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana, kisha uitume kwa ndugu aliye mji mwingine aitunze. Asili iwekwe kwenye mfuko wa plastiki mgumu, mahali ambapo mkono unaipata gizani. Picha haichukui nafasi ya asili mbele ya ambasadi, lakini ina namba ya kitabu na ya ukurasa, na kwa namba hizo ofisa anaweza kutafuta kwenye rejista na kutoa nakala mpya kama rejista yenyewe imepona.

Sasa pesa.

Kila nchi inataka kuona kwamba mwanafunzi ataishi bila kuomba mitaani. Ufaransa inahesabu yuro 615 kwa mwezi, yaani 7,380 kwa mwaka. Ubelgiji ni zaidi ya yuro 800 kwa mwezi kwa mwaka huu wa masomo, na kiasi hicho hupanda kila mwaka. Kanada ilidai kwa mtu mmoja dola zake 20,635 tangu Januari 2024, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895, mbali na minervali ya chuo na tiketi ya ndege. Tumeziandika ili mama azione kwa macho kabla hajauza kiwanja. Kwa familia nyingi hizi si pesa za kukusanya kwa kuuza kitu kimoja. Ni pesa za mfadhili, au za bursi, au za ndugu aliye kule.

Lakini hata kwa wenye nazo kuna shida ambayo hatuoni ikizungumzwa. Pesa ya mama wa Goma haikai banki. Inakaa kwenye likirimba na kwenye sanduku la AVEC, lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa wamama watatu. Utaratibu huo ulianzishwa na shirika la CARE kule Maradi, Niger, mwaka 1991, ukafika kwetu, na kwa maoni yetu umesomesha watoto wengi wa mji huu kuliko banki yoyote. Mama anaweka kila wiki, mwisho wa mzunguko wanagawana. Ni pesa safi, kila mmoja anajua imetoka wapi, imeandikwa kwenye kitabu. Ambasadi haisomi kitabu hicho. Inataka karatasi za banki za miezi kadhaa. Basi mama anafanya nini? Mgao ukitoka, anaazima na kwa wengine, anaweka zote kwenye konti kwa siku moja, anaomba karatasi kesho yake. Mfanyakazi wa viza anaona konti iliyokuwa tupu miezi mitano, halafu ghafla dola elfu kumi. Anaandika: asili ya pesa haijulikani.

Na sasa kuna ugumu juu ya ugumu, maana tangu mwisho wa Januari 2025 mabanki ya mji wetu yamefunga. Wenye uwezo wanavuka Petite Barrière kwenda kufungua konti Gisenyi. Wengine wanaishi kwa pesa ya simu tu. Hatuna dawa ya jambo hilo. Tunachoweza kusema ni hiki: kama mnayo konti popote, tumieni konti ile ile, wekeni kidogo kidogo kila mgao unapotoka, na mtunze karatasi inayoeleza kila kiasi: kitabu cha AVEC kilichosainiwa na komite, hati ya kuuza shamba, karatasi ya mshahara, risiti za biashara. Kama anayelipa ni ndugu aliye Ubelgiji, yeye ndiye atakayesaini karatasi ya dhamana, ile ya annexe 32, komine yake iithibitishe, na mapato yake ndiyo yatakayopimwa. Aulizwe mapema, kwa upole na kwa uwazi, kama mshahara wake unatosha kweli. Mjomba wa Liège anaweza kusema "ndiyo" kwenye simu kwa aibu tu ya kusema "hapana".

Neno moja kwa vikundi. Tumesikia vikundi vinavyojadili kukopesha sanduku zima ili mtoto wa mwanachama mmoja aondoke. Moyo huo tunauheshimu, lakini ada ya viza hairudishwi viza ikikataliwa, na minervali iliyolipwa chuoni mara nyingine inachukua miezi kurudi, ikiwa itarudi. Kopesheni sehemu ambayo kikundi kinaweza kuisubiri mwaka mzima bila mama mwingine kufunga meza yake sokoni Virunga.

Kuhusu safari ya Kinshasa tutasema kwa kifupi, maana mnaijua. Viza za Ulaya kwa sisi wakaaji wa Kongo zinaombewa huko, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na alama za vidole hazitumwi kwa simu. Mtoto lazima aende mwenyewe. Uwanja wa ndege wa Goma ukiwa haupokei abiria, watu wanatokea Kigali au Entebbe, mara nyingi kwa kupitia mji mwingine tena, Nairobi au Addis-Ababa. Kwa hiyo safari iwe moja, ifanye kazi nyingi: pasipoti, kuthibitisha diploma wizarani, kisha ambasadi. Bei ya pasipoti pia ijulikane. Ilikuwa dola 185 tangu mwaka 2015, ikashuka hadi 99 mwaka 2020, na mwaka 2025 serikali imetangaza 75. Anayekudai 300 anakuuzia haraka yake, si pasipoti.

Kalenda nayo ina mtego. Anayetaka kuanza chuo cha Kifaransa Ubelgiji kwa diploma yetu ya sekondari anapaswa kuomba équivalence, na dosie yake iwe imefika kabla ya katikati ya Julai. Kwetu wakati huo matokeo ya Examen d'État mara nyingi hayajatoka, na diploma yenyewe, ile yenye muhuri, huchelewa sana. Kwa lugha nyingine, mtoto anayemaliza mwaka huu anajiandaa kwa mwaka ujao. Mtu akikuahidi Septemba hii hii, muulize équivalence ameipata wapi.

Hapo tunafika kwa wakomisioneri. Wapo kila kartié, wana suti, wana picha za vijana waliosimama kwenye theluji. Wengi siku hizi wanauza Kupro ya Kaskazini. Wanaiita "Ulaya". Wamama wafahamu: upande huo wa kisiwa hautambuliwi na nchi yoyote duniani isipokuwa Uturuki. Vyuo vipo, na wapo wanaosoma kweli. Lakini vijana wa Kiafrika, wa Kongo wakiwemo, wamepelekwa huko kwa ahadi ya bursi na ya kazi, wakafika wakakuta bursi ni punguzo la mwaka wa kwanza tu, kazi hakuna, na ambasadi ya nchi yao ya kukimbilia haipo. Wengine wanauza "masomo ya hoteli" nchi za Ghuba, na msichana anafika kuosha vyombo kwenye nyumba ya mtu. Hatusemi kila mpatanishi ni mwizi. Tunasema anayedai pesa iende kwenye simu yake binafsi, anayehakikisha viza kana kwamba yeye ndiye balozi, au anayetaka kukaa na pasipoti ya mtoto, asipewe hata franka. Bursi ya serikali ya Uturuki, kwa mfano, huombwa kwenye intaneti kila mwanzo wa mwaka, kwa kawaida kati ya Januari na Februari, na kuomba ni bure. Tumewahi kuona familia ikidaiwa dola 200 za "kufungua" dosie hiyo.

Kitu kingine ambacho hakinunuliwi ni barua ya mwanafunzi mwenyewe, ile ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Ubelgiji ina na maswali ya kujaza, Ufaransa ina mazungumzo ya ana kwa ana kupitia Campus France. Huko ndiko watoto wetu wazuri wanaanguka, na sisi walimu tunaumia kwa kuwa tunajua wana akili. Kwenye vibanda vya kompyuta zinauzwa barua zilizo tayari. Zote zinasema mtoto ana shauku tangu utoto na kwamba chuo hicho kina sifa duniani kote. Anayezisoma Kinshasa amezisoma mia. Halafu anauliza: umesoma pédagogie générale, kwa nini sasa unataka ujenzi wa madaraja? Masomo ya mwaka wa kwanza ni yapi? Ukimaliza utafanya kazi wapi? Mtoto anakaa kimya. Jibu la viza linasema mpango wake wa masomo hauna uzito.

Mama ambaye hakwenda shule anaweza kusaidia hapa kuliko mwalimu. Jioni, mkichambua maharagwe, mwambie: nieleze unakwenda kusoma nini, kwa Kiswahili, mimi nielewe. Muulize kwa nini si hapa Goma, kwa nini si Bukavu. Muulize itamfaa nini mtu wa Kanyaruchinya. Akiweza kumweleza mama yake, ataweza kumweleza yeyote. Akishindwa, barua nzuri haitamwokoa. Msichana mmoja aliyepita mikononi mwetu aliandika juu ya maji ya ziwa, jinsi wamama wa kartié yake wanavyochota na bidoni na watoto wanavyougua kipindupindu, na jinsi alivyotaka kujifunza kusafisha maji. Sentensi zake hazikuwa za Paris. Zilikuwa zake.

Na tukisema msichana, tuseme lote. Katika nyumba nyingi pesa ikitosha mtoto mmoja, anachaguliwa kijana. Tunasikia sababu: msichana ataolewa huko, atapotea, ataharibika. Tukumbushane basi Sophie Kanza. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na watu wachache mno wenye diploma ya chuo kikuu, na mwanamke hata mmoja hakuwemo. Sophie alimaliza sekondari mwaka 1961, akaenda Uswisi, na mwaka 1964 akatoka chuo kikuu cha Geneva na diploma ya sosiolojia, mwanamke wa kwanza wa Kongo kufika hapo. Mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri, kwenye mambo ya jamii. Alirudi nyumbani, wamama. Kaka yake Thomas alikuwa ametangulia, amemaliza Louvain mwaka 1956, na familia ile haikusema kwamba mmoja ametosha.

Kabla hatujafika mwisho, tuangalie na karibu. Sisi tunasema "ng'ambo" tukiwaza theluji, wakati Kampala ni safari ya basi. Kongo ilisaini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Kenya na Uganda zimeondoa viza kwa wenye pasipoti ya Kongo, Kenya mwaka 2023, Uganda tangu mwanzo wa 2024. Kuingia si kusoma, tusichanganye: mwanafunzi akifika na barua ya chuo anaomba kibali cha mwanafunzi kwa uhamiaji wa nchi ile, na matokeo yake ya sekondari yanapelekwa kulinganishwa na ya kwao. Uganda kazi hiyo inafanywa na baraza la mitihani, UNEB. Chuo kiulizwe kama kinatambuliwa na baraza la taifa la elimu ya juu. Orodha ni ya wazi. Kizuizi kikubwa ni lugha. Mtoto wetu wa Kifaransa anahitaji miezi sita mpaka mwaka wa Kiingereza, na miezi hiyo lazima iingie kwenye bajeti. Lakini mama akiugua, mtoto anarudi kwa basi. Akikosa pesa ya mwezi, kilo kumi za maharagwe zinamfikia. Hilo Brussels halipo.

Na viza ikikataliwa? Isomwe barua ya kukataa, yote, pamoja na mtu anayejua Kifaransa vizuri. Inaeleza sababu. Kwa Ubelgiji kuna siku 30 za kupeleka malalamiko kwenye baraza linaloshughulikia kesi za wageni, kwa kutumia wakili wa huko, na hilo lina gharama. Mara nyingi lililo rahisi ni kuomba upya mwaka unaofuata, baada ya kutengeneza kile kilichotajwa. Kupeleka dosie ile ile mara ya pili ni kulipa ada mara mbili kwa jibu moja. Na mtoto asikae nyumbani akisubiri. Mwaka mmoja wa chuo hapa hapa, wenye alama nzuri, unaingia kwenye dosie ijayo na unaipa nguvu. Mwaka wa kukaa barazani nao unaonekana, na anayesoma atauliza alikuwa akifanya nini.

Vikundi vinavyotaka tupitie karatasi za watoto wao vitupe siku kwa kupitia komite ya chama. Tunakuja baada ya masomo, saa nane na nusu, watoto watano kwa siku, si zaidi, kwa kuwa tunasoma herufi moja moja. Kila mama alete acte de naissance ya mtoto, kadi yake na ya baba, biletini za miaka miwili ya mwisho, na kitabu cha AVEC kama kipo. Alete asili pamoja na nakala. Asili tutaziangalia mbele yake, na atarudi nazo nyumbani siku ile ile.